Oveni ya kabatini inaunguza keki halafu inajikata: elementi usinunue kwanza

Swali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo tu: "Fundi habari za leo. Nina oveni ya umeme ya kuchomeka kwenye kabati, ina nobu mbili na saa, ina miaka sita sasa. Nikiweka 180 keki inaungua juu na chini ndani ya dakika ishirini na katikati bado ni uji. Paneli ya nobu inakuwa ya moto mpaka sigusi, halafu ikifika kama nusu saa moto wote unakata wenyewe, taa ya ndani inabaki inawaka. Nikiiacha saa nzima inarudi kama hamna kilichotokea. Fundi alikuja akabadilisha themostati, hali ni ile ile, sasa anasema tubadilishe elementi zote. Huwa nikimaliza kupika nazima swichi ya ukutani kabisa kuokoa umeme. Nikubali hizo elementi?"

Dada, usikubali, angalau kwa sasa hela yako kaa nayo. Elementi haina akili, ni waya wa moto ndani ya bomba la chuma, ikipewa umeme inawaka isipopewa inapoa, na ikichoka huwa inachoka kwa namna mbili: ama inakatika ndani, unakuta upande mmoja wa oveni umekuwa baridi, ama inavujisha umeme kwenye mabati ya oveni na breka inaruka. Mi sijawahi kuona elementi iliyozeeka ikaanza kutoa moto mwingi kuliko ule iliozaliwa nao. Labda kama kuna mtu aliwahi kukufungia ya wati nyingi kuliko ya kwanza, hiyo ni habari nyingine na tutaifikia. Kwa hiyo anayesema keki inaungua kwa sababu ya elementi muulize amepima nini, na kama mita haijatoka kwenye begi basi anabahatisha kwa pochi yako.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Watu wakisema oveni "inachemka sana" huwa wanaongelea magonjwa mawili tofauti na wanayaita jina moja, na hapo ndo vipuri vinanunuliwa bure. La kwanza ni joto la ndani, kule kwenye tumbo la oveni chakula kinapokaa, limepita kile ulichoweka kwenye nobu. La pili ni kwamba ndani kuko sawa kabisa ila joto linalopenya kutoka tumboni kwenda nje haliondoki, linakaa kwenye paneli, kwenye nyaya, kwenye mbao za kabati. La kwanza ukoo wake ni themostati (kile kidude kinachowasha na kukata moto kufuata nobu), sensa, rilei (swichi inayoamrishwa na umeme) na hata nobu yenyewe. La pili ukoo wake ni feni ya kupooza, hewa ya kabati na raba ya mlango. We unazo dalili za yote mawili. Keki kuungua ni la kwanza, paneli kutoshikika ni la pili, na ile kujikata nusu saa ni katauti ya usalama, kidude kinachokata umeme joto likipita kiasi, inafanya kazi yake, yenyewe haijali joto limetoka ugonjwa upi.

Swali linakuja, je ni ugonjwa mmoja umezaa mwingine au yako mawili? Joto la ndani likizidi sana linaweza kupandisha joto la paneli mpaka katauti ikate, hilo linawezekana. Kinyume chake ni ngumu, na hapa kuna kitu watu wengi hawakijui: kwenye oveni za nobu themostati yenyewe imekaa nyuma ya paneli, ndani ina kiwambo kidogo kinachosukumwa na mafuta yanayotanuka, sasa paneli ikiwa ya moto kupita kiasi na ule mwili wa themostati nao unapata moto, mafuta yanatanuka zaidi, themostati inakata mapema. Yaani feni mbovu peke yake ingekupa keki mbichi, sio keki iliyoungua. Yako inaungua. Kwa hiyo usije ukabadilisha feni ukategemea keki zipone, na usije ukarekebisha joto la ndani ukadhani feni imepona nayo.

Kabla hujashika bisibisi kuna vipimo vya kufanya ukiwa umekaa kwenye kiti, na mi huwa navifanya hata kwa mteja aliyeapa kwamba anajua tatizo ni nini.

Cha kwanza ni kile kitaa kidogo cha rangi ya chungwa au nyekundu kwenye paneli, watu wanakiona kama pambo. Kile kinawaka elementi zikiwa zinapewa umeme na kinazima themostati ikiridhika. Weka 180, oveni tupu, angalia saa. Kwa kawaida ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano hivi kinazima, kisha kinakuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, hiyo ndo oveni inapumua. Kama kitaa hakizimi kabisa mpaka katauti inakata, basi themostati haifungui: ama mafuta yake yamevuja ama vile vidole vya ndani vinavyogusana kupitisha umeme vimegandana kwa cheche ama kijiti chake cha kuhisi joto hakipo mahali pake. Kama kinazima na kuwaka vizuri tu ila chakula bado kinaungua, themostati inafanya kazi lakini inadanganywa, inahisi joto la mahali ambapo sio penyewe, au alama za nobu zimehama. Na kama kitaa kimezima lakini ukichungulia kupitia kioo elementi ya juu bado ni nyekundu muda wote, hapo kuna waya uliofungwa vibaya au swichi ya kuchagua mapishi imeungua ndani, na hiyo zima usiwashe tena mpaka ifunguliwe.

Cha pili kipimajoto. Kile cha oveni cha mshale kinatosha, ukiwa na mita yenye waya wa kupimia joto ni bora zaidi kwa sababu waya unapita mlangoni na hufungui. Kile cha bastola ya mwanga mwekundu achana nacho kwa kazi hii, kinasoma uso wa kitu sio hewa, na kwenye chuma kinachong'aa kinasoma uongo mtupu, nimeshaona mtu anasema oveni yake ni digrii 90 huku kuku anaiva. Toa trei zote, weka kipimajoto katikati ya wavu wa katikati, chagua moto wa juu na chini bila feni, nobu kwenye 180. Kwa kawaida ningekuambia subiri nusu saa ndo uanze kusoma, ila ya kwako ikifika nusu saa inakufa, kwa hiyo anza dakika ya kumi na tano na uandike namba ya juu kabisa na ya chini kabisa kila kitaa kikizima na kuwaka. Usifungue mlango, soma kupitia kioo. Oveni ya themostati ya nobu kuyumba digrii 15 mpaka 20 kila upande ni kawaida kabisa, ukiona 165 mpaka 195 wastani ni 180 na hauna ugonjwa. Wastani ukiwa 200 unaweza kuishi nao kwa kushusha nobu. Ukiwa 230 kwenda juu ni hitilafu. Na kwa keki yako kuwa nyeusi dakika ishirini huku katikati ni uji nakuambia kabisa utakuta iko huko 230 na zaidi, keki ikiwa kwenye moto wa kawaida haifanyi hivyo, nje inapigwa kabla joto halijafika ndani.

Tukiwa hapo hapo, samahani kwa kuuliza, kwenye sakafu ya oveni umetandika foili? Wengi wanatandika ili mafuta yasidondoke. Elementi ya chini kwenye oveni nyingi za siku hizi imefichwa chini ya ile sakafu, sasa foili au trei iliyolala moja kwa moja kwenye sakafu inaziba joto lisipande, themostati iliyo juu inaona bado baridi inaendelea kuwasha, chini kunakuwa tanuru na enameli inapasuka vipande vipande. Kama ipo itoe ndo upime. Pia hakikisha hutumii moto wa feni kwa namba za mapishi ya moto wa kawaida, ukitumia feni shusha kama digrii 20, mapishi ya 200 unaweka 180. Najua hilo haliwezi kuunguza keki peke yake kwa kiwango chako ila linaongeza.

Halafu nobu. Usicheke. Zungusha nobu ya joto kurudi nyuma mpaka igote, mshale unatakiwa uwe kwenye sifuri au kwenye nukta. Ukiwa umepita au haujafika, ile plastiki ya ndani inayoshika chuma imepasuka au alama zimehama, unaweka 180 kumbe chuma kiko 240. Ivute tu kwa mkono inatoka, angalia ndani kama kuna ufa. Paneli yako inapata moto miaka yote hiyo, plastiki inapasuka kirahisi sana. Na kama fundi alivyobadilisha themostati alirudisha nobu ya zamani kwenye chuma cha themostati ya aina nyingine, inaweza ikakaa vizuri kwa macho na isilingane kwa digrii.

Sasa hii themostati mpya. Hapa ndo macho yangu yako, kwa hiyo niielezee vizuri. Themostati ya oveni ina sehemu tatu: mwili ulio nyuma ya nobu, mrija mwembamba wa shaba kama waya, na mwishoni mwa mrija kuna kijiti cha chuma urefu wa kidole hivi, kile ndo kinachohisi. Mrija unapita kwenye tundu dogo unaingia ndani ya tumbo la oveni, na kijiti kinakaa kwenye vibanio viwili, mara nyingi juu ukutani, pembeni au nyuma. Kinatakiwa kielee kwenye hewa ya ndani, kisilalie ukuta, kisiguse elementi. Sasa fikiria fundi ana haraka, oveni imevutwa nusu nje ya kabati, anapitisha mrija kutoka juu, kijiti hakiingii kwenye tundu au kinaingia kidogo kinarudi, kinabaki nyuma ya ukuta ndani ya sufi ya kuzuia joto. Anafunga skurubu, anawasha, inapata moto, anapokea hela anaondoka. Kile kijiti kule kwenye sufi kinahisi joto lililochelewa na lililopungua, tumbo liko 250 chenyewe kinaona 180, na kitaa kinazima na kuwaka kama kawaida yake hata humshuku.

Najuaje? Nimeshafanya. Miaka ya mwanzo kabisa niliwahi kufunga themostati kwa mteja, ikaunguza, nikasema themostati hii mbovu nikafunga nyingine, ikaunguza, nikaanza kuongea habari za swichi ya kuchagua mapishi kwa sauti ya kitaalamu kabisa. Siku ya tatu mtoto wa pale akaingiza kichwa kwenye oveni na tochi ya simu akauliza, "mbona vile vibanio havina kitu?" Vilikuwa vitupu, dada. Vijiti vyote viwili, kwa nyakati tofauti, nimeviacha kwenye sufi. Themostati ya pili nilikula hasara mwenyewe na mpaka leo kitu cha kwanza nikifungua mlango wa oveni iliyoguswa na mtu ni kumulika vibanio.

Kwa hiyo na wewe mulika. Oveni ikiwa baridi na umeme umezimwa, fungua mlango, tochi, tafuta kijiti. Kwenye baadhi ya modeli kimefunikwa na kibati chenye matundu, kwa hiyo angalia vizuri kabla hujasema hakipo. Kama kimechomoka kwenye vibanio na kinaning'inia, kirudishe taratibu kwa vidole, usikunje mrija kwa pembe kali, ukipasuka mafuta yanatoka na themostati imekufa hapo hapo. Kama vibanio ni vitupu, umepata jibu lako na elementi zako ni nzima. Kama kipo mahali pake na kitaa hakizimi, mwambie fundi alete ile themostati ya zamani mzilinganishe: kiwango cha juu cha joto kilichoandikwa kwenye mwili, urefu wa mrija, idadi ya miguu ya waya. Themostati ya mwisho 320 ikifungwa penye ya mwisho 250 na nobu ya 250, unaona mwenyewe kitakachotokea.

Kwa wanaosoma hapa wenye oveni za kugusa, zisizo na nobu ya themostati: ya kwenu ina sensa yenye nyaya mbili na bodi inayoamrisha rilei. Nyingi zinatumia sensa ya PT1000, ambayo ikiwa kwenye joto la chumba la digrii 20 hadi 25 inasoma karibu omu 1078 hadi 1097, digrii 100 inasoma 1385, na digrii 200 karibu 1758. Nyingine ni PT500, gawanya kwa mbili. Chomoa plagi ya sensa kwenye bodi upime. Sensa hii ikisoma pungufu bodi inadhani ndani ni baridi inaendelea kuwasha, unapata kuungua. Ikisoma zaidi, mfano plagi yake ina kutu, unapata chakula kibichi. Kwenye sensa ya aina ya NTC ni kinyume chake, omu zinashuka joto likipanda, kwa hiyo jua yako ni ipi kabla hujaihukumu. Na rilei ikiganda, dalili yake ni ya kutisha kidogo, umezima oveni kabisa inaonyesha saa tu na elementi bado ya moto. Hapo ni breka mara moja, hamna kupiga piga.

Tuje kwenye paneli yako ya moto. Juu ya tumbo la oveni, chini ya bati la juu, kuna feni ya kupooza. Sio ile unayoiona ndani inayozungusha moto, hii huioni. Inavuta hewa ya kabati inaipitisha juu ya nyaya na themostati na kuitoa mbele, kwenye uwazi mwembamba kati ya paneli na mlango. Chukua kipande cha tishu, kishike mbele ya ule uwazi oveni ikiwa imepata moto. Kikisukumwa mbele kwa nguvu feni nzima. Kikitingishika kidogo kama kimepumuliwa na mtoto, feni imechoka. Kikitulia, imekufa. Kuwa makini kidogo, kwenye modeli nyingine feni haianzi mpaka oveni ipate joto kwanza, kwa hiyo ukimya wa dakika chache za mwanzo sio ushahidi.

Na hapa nakurudishia lawama kidogo. Hiyo tabia ya kuzima swichi ya ukutani ukimaliza tu kupika. Feni ya kupooza imewekwa iendelee kuzunguka baada ya oveni kuzimwa mpaka joto lishuke, sio kwamba imesahaulika. Ukiikata ukutani, tumbo la digrii 200 linabaki na joto lake lote na pa kwenda ni juu tu, kwenye mota ya feni yenyewe, kwenye plastiki za nyaya, kwenye nobu. Fanya hivyo miaka sita, grisi ya beringi ya feni inakauka na kuganda kama gundi. Umeme uliookoa hapo ni wa feni ndogo ya wati chache. Iache izime yenyewe, ukutani uzime baadaye ukitaka.

Kuithibitisha feni inabidi oveni itoke kwenye kabati. Breka ya oveni izimwe kwenye boksi la breka, sio nobu, sio saa, breka, na fundi ahakikishe kwa tesita kwamba kweli hamna umeme. Oveni ya kabatini mara nyingi ni kilo 30 na ushee, ni kazi ya watu wawili, na inapungua uzito sana mkitoa mlango kwanza. Skurubu ziko pembeni ukifungua mlango, mbili au nne. Vaa glovu kwa sababu mabati yake ndani hayajasuguliwa kingo na ile sufi inawasha. Bati la juu likitoka, zungusha feni kwa kidole. Inatakiwa izunguke raundi kadhaa yenyewe bila kukwaruza. Ikigoma au ikisimama papo hapo, beringi zimekwisha, badilisha mota. Kuna wanaopuliza mafuta ya kulainisha, nayo inazunguka vizuri siku tatu, halafu yanakauka kwa joto inakuwa mbaya kuliko mwanzo na jiko linanuka. Ikizunguka vizuri kwa mkono lakini kwenye oveni haiendi, pima koili yake kwa mita, isiposoma kitu imekatika, ikisoma basi tafuta kiswichi kidogo cha duara kinachoiwasha. Na mafuta na vumbi kwenye mapanga yafute, mapanga yaliyojaa uchafu yanazunguka lakini hayasukumi hewa.

Mkiwa mmeitoa, angalia na kabati. Hapo maseremala na mafundi wa oveni huwa hawaongei kabisa. Oveni ya saizi ya kawaida inaingia kwenye uwazi wa upana wa kama sentimita 56, na kabati linatakiwa liwe na uwazi nyuma na nafasi kwenye ubao wa chini ili hewa baridi ipande. Ukikuta seremala amefunga ubao mgongoni vizuri, amepiga na silikoni kabisa, feni inakuwa inavuta hewa ile ile ya moto inairudia. Vipimo vya uwazi viko kwenye kitabu cha oveni, vifuateni hivyo.

Katauti ya usalama nimeiacha makusudi mpaka hapa kwa sababu kuna fundi atakuambia "hii inasumbua, ngoja niijampe", yaani aunganishe waya umeme upite bila kupitia kwenye katauti. Mwambie asante, mlango ule pale. Ni kidude cha duara kama sarafu, kina miguu miwili, joto likipita kinakata. Kingine kinarudi chenyewe kikipoa, ndo hicho chako, kingine kina kidoti cha kubonyeza katikati. Nimeitwa mahali oveni imejampwa katauti, themostati imegandana, wenyewe wameenda sebuleni. Ubao wa juu wa kabati ulikuwa umekuwa mkaa kwa unene wa kidole, nyaya zimevuliwa plastiki zote. Waliokolewa na harufu. Hiyo inayokata nusu saa ndo kitu pekee kizima kinachokulinda kwa sasa, hivyo mpaka hili liishe oveni usiitumie, na hasa ule usafi wa kujichoma wenyewe kama yako inao, ule unapeleka tumbo mpaka digrii 400 na zaidi, kwa feni mgonjwa ni kuimalizia.

Mambo mawili ya haraka. Raba ya mlango, kama imechanika juu, hewa ya moto inapanda moja kwa moja kwenye nobu. Ishike uone kama imekuwa ngumu au imetoka kwenye ndoano za kona. Usishtuke ukikuta upande wa chini haina raba, oveni nyingi zimetengenezwa hivyo. Na pale nyaya zinapoingia nyuma, skurubu ya waya ikilegea inatengeneza moto wake yenyewe, utaona plastiki imegeuka kahawia na harufu ya kuungua, irekebishwe kwa waya unaostahimili joto, sio waya wa kawaida wa nyumbani.

Ukitaka kumridhisha fundi wako kuhusu elementi, apime. Elementi ya wati 2000 kwa volti 230 inasoma kama omu 26, ya wati 1200 inasoma 44. Ikisoma chini sana ya inavyotakiwa kwa wati zake, sawa, kuna mtu alifunga kubwa. Halafu apime kutoka mguu wa elementi kwenda kwenye bati, isisome kitu. Ni dakika tano.

Kwa kubahatisha kwangu, na nakiri ni kubahatisha mpaka umulike, una kijiti kisichokaa mahali pake tangu siku ya themostati mpya na feni iliyokuwa inakufa muda mrefu. Inawezekana themostati ya kwanza nayo ilikuwa mbovu kweli, sisemi fundi alidanganya, alitibu kimoja akaharibu pale pale. Anza na tochi kesho asubuhi oveni ikiwa baridi. Halafu niandikie vitu vitatu: vibanio vina kijiti au havina, kitaa kilizima baada ya dakika ngapi na kipimajoto kilikuwa ngapi wakati huo, na tishu ilifanya nini. Na upige picha ile stika yenye modeli, iko kwenye fremu ukifungua mlango, mara nyingi pembeni au chini, kwa sababu ikibidi kuagiza mota ya feni wataiuliza hiyo kwanza.